Mbuzi Aliyekula Ahadi

Mama mkwe wangu, Dalvanira, alikuwa hafanyi jambo mpaka aulize kisanduku. Jambo lolote lile. Auze nguruwe au asiuze, apande maharage wiki hii au angoje mawingu yanone, amsamehe dada yake anayekaa mjini Monteiro au amnunie kidogo zaidi: kisanduku kwanza. Kilikuwa cha plastiki, kimetengenezwa umbo la mkate. Walokole wengi wa huku kwetu Cariri, nchi ya ukame na miiba, wanavyo. Ndani kumejaa kadi ndogo za rangi rangi, kila kadi na mstari mmoja wa Biblia. Asubuhi kabla ya kahawa unafumba macho, unachomoa moja, na hiyo ndiyo ahadi yako ya siku.

Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Shida ilikuwa mama mkwe mwenyewe. Akichomoa kadi tamu, ya baraka na ushindi, anaibusu na kuiegemeza kwenye redio siku nzima. Akichomoa kadi kali, ile ya toba au ya kuzuia ulimi, anaguna na kuirudisha.

"Hii si yangu," anasema. "Hii ilikuwa ya jirani Zuleide, imekosea nyumba."

Kisha anachomoa nyingine. Nikicheka ananikazia jicho, nami nanyamaza, maana ni mama wa mume wangu na tunakaa ua mmoja.

Nasema jicho kwa sababu alikuwa nalo moja. La kulia lilikwenda zamani, alichomwa na mwiba akikata kuni. La kushoto ndilo lililobaki, na hilo nalo likaota mtoto wa jicho. Mwanzo alisema madirisha ni machafu. Akasema taa za siku hizi ni hafifu. Siku alipomsalimia mlingoti wa umeme "Amani ya Bwana, ndugu" na kuukasirikia kwa kutoitikia, mume wangu Erivan alimfunga mkanda kwenye gari la jirani, akampeleka mji wa Campina Grande kwa daktari.

Daktari alisema operesheni ni fupi, watu wanaingia asubuhi na kutoka mchana. Tarehe ikapangwa, baada ya mavuno ya mahindi. Ila akasema pia kwamba akiikosa tarehe hiyo atarudi mwisho wa foleni, na jicho lenyewe halingoji foleni. Likiachwa likomae kupita kiasi, kulitoa itakuwa shida, na huenda asione tena.

Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa sababu Dalvanira alikuwa anaogopa. Mumewe, marehemu baba mkwe, aliingia hospitali ya mji ule kwa miguu yake akatoka ndani ya sanduku. Na jicho ni hilo moja tu. Mkono wa daktari ukiteleza, giza mpaka kaburini. Mimi nilimwelewa kabisa, tena usiku nilimlilia, lakini mchana nilikuwa nataka kumtikisa.

Akauliza kisanduku, bila shaka. Wakati huo mimi ndiye nilikuwa namsomea, maana herufi hazioni. Akafumba jicho lake, kana kwamba kulikuwa na haja, akachomoa kadi ya njano, akanipa. Ilisema: simameni, muuone wokovu wa Bwana.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma.

"Umesikia? Simama. Hakusema panda gari uende Campina Grande ukachomwe jicho na kijana asiye na ndevu. Amesema simama. Nami nasimama."

"Mama, daktari ana ndevu."

"Sikuziona."

Erivan alijaribu. Aliomba, alipandisha sauti, alipiga meza, kisha akamwomba msamaha mama yake kwa kupiga meza. Mama akamuuliza kwa upole, "Unabishana na mimi au na Mungu, mwanangu?" Mume wangu akatoka nje kwenda kutazama trekta ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Nitasema kweli, nilitamani kumsomea uongo. Nichomoe kadi yoyote niseme: nenda hospitali, Dalvanira, asema Bwana. Lakini kumtungia Mungu maneno, hata mimi niliogopa. Na mimi sikuwa mlokole. Nimezaliwa kwenye nyumba ya picha za watakatifu ukutani na kodiani sebuleni, na Juni ikifika, mioto ya Mtakatifu Yohana ikiwashwa, miguu yangu haina adabu. Erivan alinioa na miguu yangu hivyo hivyo. Kanisani kwao nilikwenda siku za sherehe, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mungu nilimheshimu kwa mbali.

Sasa, mama mkwe alikuwa na mbuzi jike mweupe anaitwa Baronesa. Mama yake alikufa wakati wa ukame, naye Dalvanira akamlea kwa chupa, na tangu hapo mbuzi yule akaamini kwamba nyumba ni yake, sisi wapangaji. Anaingia jikoni bila hodi. Amekula pazia. Amekula nusu ya kofia ya mchungaji, mchungaji mwenyewe akiwa ameishika.

Asubuhi moja nikiwa nyuma ya nyumba nasukuma moto wa kahawa, nikasikia ukunga.

"Juci! Juci weee! Njoo, tumekwisha!"

Nikakimbia nikijua ni nyoka. Nikafika barazani nikamkuta Dalvanira ameshika kisanduku kitupu, anapapasa ukuta mfupi wa baraza kwa mkono mwingine, na Zuleide jirani yetu yuko langoni, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Dalvanira alikuwa ameweka kisanduku juu ya ukuta ili amsalimie Zuleide, wakaanza habari, na habari za Zuleide ni ndefu. Baronesa alikuwa anamalizia. Kadi ya waridi ilikuwa inaingia mdomoni taratibu, kama mtu anayekula tambi.

"Mkabe!" Dalvanira akapiga kelele. "Mkabe, Juci, bado hajameza!"

Nilimrukia. Tulizunguka ua mzima, kuku wakapaa, na mwishowe nilipomshika pembe na kumfungua mdomo, nilipata kipande kimoja kilicholowa ambacho hakikuwa na neno hata moja, ukingo mtupu. Zuleide hakuvumilia tena. Alikaa chini pale pale langoni kwenye vumbi, akacheka mpaka skafu ikamtoka kichwani.

"Dada Dalvanira," akasema akijifuta machozi, "huyo mbuzi sasa ana Neno ndani yake kuliko mchungaji. Jumapili tumpe mimbari."

Nami nikacheka, lo, mbavu zikauma. Halafu nikaona Dalvanira analia. Hakuwa analia kwa mchezo. Amekaa kwenye benchi na kile kisanduku mapajani, machozi yanatoka kwenye macho yote mawili, linaloona na lisiloona.

"Zilikuwa ahadi zangu zote," akasema. "Sasa nitajuaje anasema nini na mimi?"

Kicheko kilinikauka. Nikamwahidi kwamba Erivan atanunua kisanduku kingine mjini, vipo tele dukani, hata vya umbo la moyo. Lakini Zuleide alikuwa ameshanyanyuka. Zuleide ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kanisani kwao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki, na anaposema jambo huwezi kujifanya hukusikia.

"Ngoja kwanza na kisanduku," akasema. "Dalvanira, Biblia si unayo?"

"Ninayo. Macho ndiyo sina."

"Macho anayo Juci."

"Mimi?" nikasema.

"Wewe. Na mdomo unao, tunausikia mpaka barabarani. Kila asubuhi mkae hapa. Kwanza mkae kimya na Mungu, msimwombe kitu. Kisha usome, sura baada ya sura, bila kuchagua. Mtu hamfahamu rafiki yake kwa kumpekua mfukoni kila asubuhi na kuondoka na karatasi."

Nikatafuta sababu ya kukataa. Nguo zinangoja, kuku, nyanya, mgongo. Dalvanira akanigeuzia lile jicho lenye ukungu, na sababu zote zikaniishia.

Alitaka kitabu ilimotoka kadi yake ya kusimama. Zuleide akasema hiyo ni Kutoka, habari za Musa. Basi kesho yake tukaanza na Kutoka.

Jamani, siku zile za kwanza! Kukaa kimya tu kulinishinda. Nikikaa, goti linacheza. Nasikia kuku, nakumbuka sabuni imekwisha, nawaza nani kaacha lango wazi. Dalvanira yeye amefumba macho, mikono mapajani, katulia. Mimi natazama saa ya simu, naona muda haujasogea kabisa.

"Juci," anasema bila kufumbua macho. "Unapumua kama ng'ombe aliyekasirika."

"Nakaa na Mungu, Mama."

"Yeye naye anakusikia."

Na kusoma nako! Nilisoma mbio kama mnadani, nimalize nikafue. "Unafukuzwa na nani?" ananiuliza. "Rudia. Nilimwacha huyo mtoto kwenye maji." Nikarudia mtoto kwenye maji. Tukafika pale Musa anapoambiwa aende kwa Farao naye anatoa udhuru juu ya udhuru, mimi nani, sitaaminiwa, ulimi wangu mzito, tuma mwingine. Dalvanira alipiga makofi ya furaha.

"Mwone huyo! Mwone mwoga mwenzangu! Kumbe naye yumo humu ndani?"

"Yumo, Mama, na Mungu anamkasirikia."

"Anamkasirikia lakini hamwachi. Soma."

Sijui ilikuwa siku gani mambo yalianza kugeuka. Najua tu kwamba asubuhi moja goti halikucheza. Jua lilikuwa linapanda juu ya midungusi, ndege wanagombana kwenye ule mti wa matunda tunaouita umbu, na mimi nimekaa, na ilikuwa kana kwamba mtu wa tatu ameketi nasi kwenye benchi na hana haraka. Sikumwambia Dalvanira, ningeona haya. Nilifungua Biblia nikasoma polepole, na yeye akatabasamu.

Tukafika baharini. Waisraeli mbele yao maji, nyuma yao magari ya Farao, na wanapiga kelele kwamba afadhali wangebaki utumwani. Musa anawaambia: msiogope, simameni, muuone wokovu wa Bwana.

"Ndiyo hiyo!" Dalvanira akanishika mkono. "Kadi yangu! Si nilikwambia?"

Mimi nilikuwa nimeshatupa jicho mstari wa chini, na kukaa kukanishinda. Kwa sababu pale pale, haijapita hata nafasi ya kumeza mate, Mungu anamuuliza Musa mbona unanililia, waambie watu waende mbele.

Nilimsomea kwa sauti ya kuamsha kijiji. Nikasimama juu ya benchi. "Waende mbele, Mama! Umesikia? Mbele! Kadi yako ilikuwa nusu! Nampigia simu Erivan, tarehe yetu bado iko!"

"Shuka kwenye benchi," akasema.

"Mama, Mungu mwenyewe kasema..."

"Shuka, nimekwambia. Keti."

Nikaketi. Akakipapasa kitabu mapajani mwangu.

"Miaka yote hiyo nimekuwa namkatakata Mungu vipande," akasema. "Kinachonipendeza nakibusu, kisichonipendeza nampa Zuleide. Nimeogopa, nikachukua neno la kusimama nikajifichia nyuma yake. Sasa unataka nikate kipande kingine kwa sababu hiki unakipenda wewe? Hapana, Juci. Sitaki kadi tena. Nataka nimjue mwenyewe ni nani. Soma tuone watu hawa wanafikaje ng'ambo."

Nilikasirika, sitaficha. Nilisoma mpaka wakafika ng'ambo wakaimba na kucheza na matari, nikafunga kitabu, nikaenda kufua nguo kwa hasira hata nikachana shati la Erivan. Ushindi ulikuwa mkononi, ananinyang'anya! Tarehe inakuja, yeye anataka kujua watu walikula nini jangwani! Nilimlalamikia Erivan usiku kucha. Akanisikiliza, kisha akaniuliza kesho nitasoma wapi. Nikamwambia kwenye mana. Akasema, "Basi na mimi nitachelewa kwenda kazini kidogo."

Akachelewa, akaketi kwenye ngazi na kikombe chake cha kahawa. Tulisoma mana. Tulisoma mpaka zile sura za mapazia na vigingi na pete za dhahabu, ambapo nilimsihi turuke.

"Haturuki," Dalvanira akasema. "Yeye alikuwa na subira ya kuyasema, wewe uwe na subira ya kuyasoma."

Tulipomaliza Kutoka tukaingia Luka, na hapo ndipo nilipokamatika mimi. Sikuwa nimejua kwamba Yesu alikuwa mtu wa kualikwa kila mara kula, tena na watu waliosemwa vibaya. Nilidhani alikaa ukutani tu, na taa nyekundu chini yake. Juni ilifika, nikaenda kucheza kama kawaida, kodiani ikalia, nikala mahindi na keki ya muhogo, nikafurahi sana. Lakini asubuhi yake, miguu imevimba, niliamka kabla ya wote nikamkuta Dalvanira anapapasa njia kwenda barazani, nikagundua kwamba nilikuwa nalitamani lile benchi. Nilistaajabu. Nikamshika mkono tukaenda.

Jicho lilizidi kufunga. Hakuona tena uso wangu, aliona mwanga na kivuli. Tarehe ilikuwa imebaki siku chache. Hatukuitaja. Erivan alikuwa ananiuliza kwa nyusi, mimi namjibu kwa mabega.

Kisha asubuhi moja, baada ya kukaa kimya, kabla sijafungua kitabu, akasema, "Juci, gauni langu la bluu ni safi?"

"La kwenda wapi?"

"Hospitali."

Nilibaki nimeshika Biblia. "Umepata andiko gani, Mama?"

"Sikupata andiko. Nimepata kumjua kidogo." Alinyoosha sketi yake magotini. "Huyu anayekaa na sisi hapa kila asubuhi, kule atashindwa kukaa nami? Akiniponya ni yeye. Nikitoka gizani au nikiingia gizani, nitamkuta. Usidhani siogopi. Naogopa hivi hivi. Lakini nitaogopa nikiwa naye."

Nilimkumbatia nikalia kwenye shingo yake, naye akanipigapiga mgongoni akisema basi, basi, utalilowesha gauni ambalo bado sijalivaa.

Gari la wagonjwa la wilaya lilituchukua alfajiri. Njia nzima aliimba, na kila aliyepanda alisalimiwa Amani ya Bwana, hata dereva aliyekuwa anataka kusikiliza mpira. Hospitalini walimvalisha kofia ya karatasi, wakamkalisha. Nesi akamfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakipuliza, akatazama, akapuliza tena.

"Mama, presha iko juu sana," akasema. "Ikiwa hivi daktari hagusi jicho. Itabidi urudi nyumbani, tupange tarehe nyingine."

Damu ilinipanda. "Tarehe nyingine lini? Tumetoka kwetu alfajiri! Unajua tumefanya nini mpaka huyu mama akakubali? Unajua tumesoma vigingi vingapi?"

Nesi aliniangalia kama mtu anayefikiria kuita mlinzi. Lakini hofu yangu haikuwa nesi. Nilimgeukia mama mkwe nikijua kitakachofuata. Dalvanira ninayemfahamu angesimama, angevua kofia, angesema haya basi, Mungu amefunga mlango, twendeni nyumbani. Tena angeondoka akiwa na furaha.

Hakusimama. Alimtafuta nesi kwa sauti. "Binti yangu, naweza kukaa hapo kwenye benchi kidogo?"

"Daktari yuko mpaka mchana. Kaa, nitakupima tena. Lakini sikuahidi kitu, mama."

"Usiniahidi. Nimekuja bila ahadi. Kama si leo nitarudi siku nyingine, njia nimeshaijua."

Tukakaa. Nikafungua mkoba nitoe Biblia, nikakuta kitana, chupa ya maji, jibini kwenye kitambaa, sukari guru. Biblia niliiacha barazani. Nilipekua mara mbili. Nilitaka kujipiga makofi.

"Mama, nimesahau kitabu."

"Hukukisahau chote. Sema unachokumbuka."

"Mimi? Sikumbuki kitu."

"Sema tu."

Nikaanza kwa kukwama. Nikamwambia habari za yule mtu aliyepooza, rafiki zake wakambeba na kitanda, mlango umejaa watu, wakapanda juu wakafungua paa wakamshusha kwa kamba mbele ya Yesu. Nilivyoendelea maneno yakaja yenyewe, moja linalishika lingine, hata sauti za watu wale nikazitoa. Nilipofika kwenye paa nikaona benchi zima limenigeukia. Mzee mwenye kofia ya ngozi aliyebandikwa plasta jichoni alikuwa ameinama kunisikiliza.

"Na paa nani alilipa?" mzee akauliza.

"Haikuandikwa," nikasema.

"Mwenye nyumba alikuwa mlokole," Dalvanira akasema. "Angekuwa mwanangu Erivan, angeuliza kwanza vigae ni bei gani."

Benchi zima likacheka, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa analia tangu tufike. Nikasimulia dhoruba ziwani, Yesu amelala na mashua inajaa maji. Nikasimulia habari za yule mama mjane wa Naini. Mimi, Jucileide wa kiti cha nyuma! Yalikuwa yameniingia lini? Nilidhani nilikuwa namsomea yeye tu. Hatimaye nikaishiwa. Dalvanira alikuwa amefumba macho, mikono mapajani, kama yuko barazani kwake.

Nesi akaja na kitambaa chake. Akapuliza. Akatazama, akamtazama Dalvanira.

"Imeshuka," akasema. "Mama, umekunywa nini?"

"Aleluya!" nikapiga ukelele, mara ya kwanza maishani mwangu, na mlinzi akatoka kona akaniambia hapa ni hospitali, dada. Mzee wa kofia akamwambia, "Mwache, huyu ndiye mchungaji wetu."

Wakamwingiza. Mlango ukafungwa, nami nikabaki. Nilikaa. Kwanza sikuomba kitu, kama tulivyofundishwa, nilikaa naye tu. Kisha nikaomba lile jicho kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mimi si malaika.

Tulilala mjini, na kesho yake walimfungua bandeji. Alipepesa, akapepesa tena. Akautazama ukuta, akautazama mkono wake pande zote mbili. Kisha akanitazama mimi, nikangoja neno kubwa.

"Juci," akasema, "kumbe umenenepa hivi?"

Tulicheka mpaka daktari mwenye ndevu akamkataza asicheke, mshono usifumuke.

Tulirudi nyumbani, Zuleide na akina mama wakatupokea na nyimbo na keki, na baada ya siku za matone ya dawa kuisha daktari akasema anaweza kusoma. Asubuhi ile nilisikia anatoka barazani mwenyewe, hapapasi. Nikaweka maharage jikoni, nikachukua beseni la nguo nikaenda nyuma. Nilijiambia nimefurahi. Nilikuwa na wivu, ndiyo kweli. Nilimwonea wivu kwa macho yake, kwamba sasa yeye na Mungu wangekaa wawili bila mimi.

"Juci! Uko wapi?"

"Nafua!"

"Njoo."

"Mama, si unaona sasa? Jisomee."

"Nimekwambia njoo. Miezi yote umesoma wewe. Hujasomewa hata siku moja."

Nikaenda nikijifuta povu mikononi. Alikuwa amefungua Biblia mapajani, kidole chini ya mstari. Nikaketi. Tulinyamaza kwanza, kisha akaanza, neno moja moja, anasimama kwenye kila nukta kama mtoto wa shule, anarudia anapopapenda. Ilikuwa ile habari ya mwana aliyepotea, baba anamwona angali mbali, anakimbia. Sauti yake ilikuwa ya kikongwe na ya furaha. Nilihisi nasomewa barua yangu mwenyewe, machozi yakanitoka, sikuyafuta.

Moshi ukaanza kutoka jikoni. Dalvanira akainua pua.

"Juci, maharage."

"Yaache yaungue, Mama," nikasema. "Hebu endelea. Anakimbia, halafu?"